Kabla gari la familia Lokori lipelekwe ukaguzi, tuangalie chini ya dashibodi

Kuna rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari ya mwaka 2025 ambayo wasee wengi waliijadili dakika tano kisha wakarudi kwa mpira. Kwa kifupi inasema hivi: si matatu na malori pekee yatakayokaguliwa. Gari la kibinafsi likipita miaka minne tangu litengenezwe, nalo liende.

Miaka minne. Sasa piga hesabu. Kiwango cha KS 1515 kinaruhusu gari la mtumba liingie Kenya mradi halijapita miaka minane. Kwa 2026 hiyo ni gari lililosajiliwa mara ya kwanza kuanzia Januari 2019. Na si unajua vile sisi hununua? Tunatafuta lile la mwisho mwisho linaloruhusiwa, kwa sababu ndilo mfuko unalifikia. Kwa hivyo likishuka pale bandarini Mombasa tayari limepita miaka minne. "Gari la kibinafsi lililopita miaka minne" ni njia ya adabu ya kusema gari lako, na la mamako, na la yule mwalimu wenu aliyechukua mkopo wa sacco.

Nairobi mjadala umekuwa wa pesa. Kwamba ni ushuru mwingine umevaa koti la usalama. Sibishani na hilo, wananchi wamechoka na kila mtu anajua. Lakini huku kwetu Turkana kuna swali lingine ambalo sijasikia likiulizwa: mkaguzi akifungua boneti ya gari la Lokori, ataona nini, na atafanya nini na alichokiona?

Maana gari la huku si lile lililotoka kiwandani.

Kwa wale hawajafika, Lokori ndiyo makao makuu ya Turkana Mashariki, kando ya Mto Kerio. Kutoka Lodwar unateremka kusini hadi Lokichar, kisha unaiacha barabara kuu na kuingia vumbi na malaga. Yote pamoja si chini ya kilomita 140. Gari la familia huku ni Probox, au Hilux ya zamani, au Land Cruiser kama kuna mtu wenu alifanya kazi na mashirika. Na hilo gari lina kazi nyingi kuliko kubeba familia. Ndilo ambulensi ya jirani, ndilo la kubebea maji, ndilo redio ya boma, na jioni ndilo kituo cha kuchaji simu za nusu ya mtaa.

Hapo ndipo waya zinapoingia.

Anza na redio. Redio ya gari lililotoka Japani hushika FM ya kwao, megahezi 76 hadi 90, zile mpya kidogo hadi 95. Yetu inaanzia 87.5 na kuishia 108. Kwa hivyo umenunua gari, umelipa ushuru, umelileta hadi huku, halafu redio inakupa kelele na sauti ya mwanamke wa Kijapani akikukaribisha kila ukiwasha. Stesheni nyingi za Kenya hazishikiki. Kuna kidude kinaitwa bendi ekspanda, kinachomekwa kati ya antena na redio kushusha masafa, lakini nacho hula baadhi ya stesheni. Wengi huamua kung'oa kabisa na kuweka redio ya Android kutoka China. Dashibodi inafunguliwa, waya zinakatwa, na safari imeanza.

Halafu chaji. Bwawa la Turkwel, pale mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, lina uwezo wa megawati 106 na lilianza kazi 1991. Laini yake kubwa ilijengwa kuelekea Lessos, kusini, na kwa miongo mingi sisi tuliokaa karibu nalo tukabaki nje ya gridi ya taifa. Mafuta nayo yalipatikana Ngamia 1, karibu na Lokichar, Machi 2012. Kwa hivyo hapa kati ya bwawa na visima vya mafuta, mtu anachaji simu kwa betri ya Probox. Sitaki kulia sana kuhusu hilo leo, lakini ukitaka kujua kwa nini kila gari huku lina inveta chini ya kiti, sababu ni hiyo.

Na taa. Mtu wa Westlands akiona Probox yenye taa ya LED ndefu juu ya paa anacheka, anadhani ni madoido. Wacha acheke. Septemba 2022 watu 11, wakiwemo polisi 8, waliuawa Turkana Mashariki walipokuwa wakifuata mifugo iliyoibwa. Februari 2023 serikali ikaanzisha Operesheni Maliza Uhalifu katika kaunti sita, na yetu ilikuwemo. Upande wa kwenda Lomelo na Kapedo kila familia ina stori yake. Ukilazimika kutembea usiku huko kwa sababu kuna mgonjwa, taa ya kawaida ya Probox inakuonyesha mita chache za mchanga na basi. Unataka kuona laga kabla uingie ndani yake, na unataka kuona kama yule aliyesimama mbele ni ng'ombe au mtu.

Ukiongeza kifaa cha kufuatilia gari, kamera ya dashibodi, na swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta ili gari lisiibwe, utaona kwamba hizi si anasa. Kila waya umewekwa kuziba pengo ambalo mtu mwingine alipaswa kuziba: kampuni ya umeme, polisi, kaunti.

Lakini sasa tuseme ukweli. Waya nyingi kati ya hizo zimewekwa vibaya, na vibaya kabisa.

Nimekaa vibandani na mafundi wa stima za magari hapa Lodwar kwa muda wa kutosha kujua namna kosa linavyokua, maana halianzi kama kosa. Linaanza na tundu la kuwashia sigara. Tundu lile kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 15. Volti 12 mara ampea 15 ni wati 180, hapo ndipo mwisho wake. Mwenye gari ananunua inveta iliyoandikwa wati 500, anachomeka hapo, anaunganisha televisheni na simu, fyuzi inakatika. Fyuzi imefanya kazi yake! Lakini yeye anaona ni fyuzi mbovu. Anaweka ya 20. Inakatika. Anaweka ya 30, au ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na maajabu, kila kitu kinafanya kazi.

Kinafanya kazi kwa sababu sasa kitakachokatika kwanza ni waya wenyewe. Watu wanadhani fyuzi inalinda redio. Fyuzi inalinda waya. Wati 500 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 40, na ule waya wa tundu la sigara ulitengenezwa kwa robo tu ya hizo, ama zaidi kidogo. Unapata moto, plastiki inalainika, unagusana na mwenzake nyuma ya dashibodi ambapo hakuna anayeona. Na mara ngapi huku tunasafiri na petroli kwenye mtungi nyuma ya kiti, kwa sababu hakuna kituo cha mafuta mbele?

Inveta kubwa inatakiwa waya wake mnene, moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi yake ikae karibu na betri, tuseme shubiri moja kutoka kwa ncha ya chanya. Ikiwekwa mwisho wa waya, karibu na inveta, hailindi chochote kati ya hapo na betri. Na waya ukipita kwenye ukuta wa bati kati ya injini na dashibodi lazima kuwe na mpira kwenye lile tundu. Barabara ya Lokori itausugua ule waya kwenye ncha ya bati kila siku mpaka ngozi iishe. Nairobi inaweza kuchukua miaka. Huku, kwa mitikisiko yetu, usisubiri sana.

Taa za mbele nazo ni hesabu ileile. Taa mbili za wati 55 ni ampea 9 na kidogo. Ukizipitisha zote kwenye swichi ndogo ya dashibodi, swichi itaungua. Ndiyo maana kuna relei: swichi inabeba mkondo mdogo wa kuamsha relei tu, na relei ndiyo inabeba mzigo kutoka betri hadi taa. Fundi mzuri hakuulizi kama unataka relei, anaweka. Fundi wa haraka anakuambia relei ni ya kupoteza pesa.

Na kuna hatari isiyo na moshi, ambayo kwangu ndiyo mbaya zaidi kwa mazingira yetu: betri kufa.

Redio ya Android ina waya mbili za chanya. Wa njano unabaki na stima muda wote ili kumbukumbu isipotee, mwekundu unapata stima ukifungua ufunguo tu. Fundi asiyepata waya wa ufunguo anafanya nini? Anaunganisha mwekundu na njano pamoja. Redio inawaka, mteja analipa, anaenda. Ila sasa hiyo redio hailali. Ikivuta hata ampea moja tu, betri ndogo ya NS40 yenye kama ampea-saa 35 imefika nusu kwa saa 17 hivi. Umeegesha jioni, kesho mchana gari haliwaki. Na joto letu la nyuzi 35 na kupanda linazeesha betri haraka kuliko huko baridi, kwa hivyo ile betri ya mwaka wa pili si 35 tena.

Simu ni hivyohivyo. Simu janja ishirini, kila moja ikivuta wati 10, ni wati 200, karibu ampea 17. Saa mbili na injini imezimwa umemaliza betri nzima. Nzima! Gari la mjomba wangu lilikuwa linachaji hizo simu kila jioni, kisha asubuhi tunalisukuma vijana sita. Watu wakawa wanasema ni altaneta. Haikuwa altaneta, ilikuwa hesabu. Aliyetatua ni kijana wa pale pale mtaani: betri ya pili ya mtumba, relei ya kutenganisha ili chaji ya simu isiguse betri ya kuwashia, na paneli ndogo ya sola juu ya kibebeo. Hadi leo linawaka.

Mjini betri ikifa unaomba jirani waya za kurushia, unachelewa kazini nusu saa. Kati ya Lokori na Kapedo, mahali hakuna mtandao, ni stori tofauti kabisa.

Swichi ya siri nayo nina maoni yangu. Iwe, lakini watu wawili nyumbani waijue. Baba akiwa Lodwar, au akiwa ndiye mgonjwa, na hakuna mwingine anayejua kidude kiko wapi, hilo gari ni kibanda cha chuma tu.

Turudi kwa hizo kanuni. Hizi waya zinafungwa na nani? Na vijana. Wasee wa miaka 19, 22, 25, wengi bila karatasi hata moja. Walijifunza kwa kusimama kando ya fundi mkubwa, wakishika tochi na kutumwa chai. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwisha, kwa hivyo usitarajie nisimame hapa nikisema asiye na cheti asiguse gari. Nimeona asiye na cheti akipima mkondo kwa mita kabla hajakata waya wowote, na nimeona mwenye cheti akiunganisha waya kwa kusokota na tepu. Hiyo tepu, kwa joto la Lodwar, gundi yake inateleza kama asali baada ya miezi michache.

Ila pia sitadanganya kwamba karatasi haina kazi. Kanuni zikija, mkaguzi hamjui kijana wa Lokori. Anajua karatasi. NITA ina mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na stima za magari ni kati ya fani zinazopimwa. KNQA nayo inasimamia mpango wa RPL, ambao unakupima kwa unachoweza kufanya kwa mikono yako, bila kuuliza ulisoma wapi. Kwa karatasi ya serikali ni kitu kizuri sana. Kwa kijana wa Lokori ambaye mtihani uko mbali, nauli ni ya siku kadhaa za kazi, na kibanda kitakuwa kimefungwa wakati huo wote, bado ni hadithi.

Kwa hivyo ninachoogopa ni hiki. Kanuni zitapita, hakutakuwa na maelezo ya waya zipi zinaruhusiwa na zipi la, na kila taa ya ziada itakuwa kisingizio. Mwenye Land Cruiser ya shirika atapita na antena yake ndefu. Mwenye Probox atasimamishwa, ataambiwa gari lako limebadilishwa, na mazungumzo yataishia kwa kitu kidogo. Waya mbovu itabaki palepale chini ya kapeti, haijaguswa. Tumeona sinema hiyo na vidhibiti mwendo vya matatu tangu enzi za sheria za Michuki mwaka 2004. Kifaa kilikuwepo, stika ilikuwepo, na gari lilikuwa linaruka.

Kuna wanaosema suluhisho ni rahisi, acheni kugusa gari, liacheni kama lilivyotoka Japani. Kumbuka hata huko lilikaguliwa kabla ya kupakiwa melini, likiwa na waya zake za kiwandani, safi. Wenye hoja hiyo wana jambo moja la kweli: bima. Ukibadilisha stima za gari bila kuiambia kampuni ya bima, siku linaungua unawapa sababu ya kukunyima fidia. Waambie, kwa maandishi. Kuna pia vitu ambavyo mimi mwenyewe ningepiga marufuku leo. Taa za LED za kupofusha kwenye barabara kuu ya Kitale, ambako unakutana na malori uso kwa uso usiku, hapana, hiyo ni kuua watu. Taa ya paa iwe na kifuniko ukiwa kwa lami, uifunue ukiingia vumbi. Waya wenye ganda la njano chini ya usukani na pembeni mwa milango ni wa mifuko ya hewa ya usalama, haukatwi, hautobolewi, hata fundi akuape kwa jina la nyanya yake. Na redio za mawasiliano za HF au VHF zina leseni yake ya Mamlaka ya Mawasiliano, usinunue tu kwa sababu umeona bei nzuri.

Zaidi ya hapo, kumwambia mtu wa Lokori aliache gari kama lilivyo ni kumwambia akae gizani bila redio.

Mimi ningetaka kanuni ziseme waziwazi: kila kifaa kilichoongezwa kiwe na fyuzi yake karibu na betri, waya unaolingana na mzigo, na hakuna uunganisho wa kusokota. Hayo mkaguzi anaweza kuyaona kwa macho dakika kumi, bila mashine ya mamilioni. Fyuzi yenyewe ni bei ya mandazi mawili. Na mtihani wa NITA uletwe Lodwar siku ileile timu ya ukaguzi inakuja, ili fundi na gari wapimwe pamoja. Kama wanaweza kuleta timu ya kutukagua, wanaweza kuongeza kiti kimoja kwenye hilo gari.

Hii nafasi ya kusema ipo kisheria, si fadhila. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inataka wanaoathiriwa na kanuni washauriwe kabla hazijatungwa, na zikishachapishwa zipelekwe bungeni, ambako zinaweza kufutwa. Mbunge wa Turkana Mashariki yuko humo. Muulize kituo cha ukaguzi kitakuwa wapi. Hata wakikiweka hapa Lodwar, kwenda na kurudi Lokori ni kilomita 280. Kwa Probox ni kama lita 20 za petroli, kabla hujalipa ada yenyewe, na pengine ukiambiwa fyuzi ni mbaya, rudi wiki ijayo.